Waziri mzuri hatoshi: safari ya Tom Vilsack na somo kwa mkulima kijana

Leo naweka pembeni kidogo mambo ya mbolea na viuatilifu. Naomba tuongee siasa.

Najua wapo watakaosema, afisa ugani na siasa wapi na wapi? Ni kweli, mimi ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma hapigii debe chama akiwa kazini. Ndiyo maana mfano wa leo nimeufuata mbali, Marekani, ambako hakuna atakayesema namfanyia mtu kampeni. Lakini somo lake linatuhusu sisi hapa hapa.

Kila Baraza la Mawaziri likibadilishwa napata meseji za aina moja: "Afisa, huyu waziri mpya wa kilimo ni mtu wetu? Tutegemee nini?" Swali si baya. Ila maoni yangu ni kwamba tunaliuliza tukiwa tumeshachelewa. Mtu akishafika kwenye kiti cha uwaziri, mambo mengi yanayomhusu mkulima yameshaamuliwa, na yaliyobaki yanaamuliwa na wale waliojipanga kumfuata mpaka mlangoni.

Nitalieleza hilo kwa safari ya kisiasa ya mtu mmoja, Tom Vilsack. Alikuwa wakili wa mji mdogo, akawa meya, akawa seneta wa jimbo, akawa gavana, kisha Waziri wa Kilimo wa Marekani mara mbili, jumla karibu miaka 12. Kama kuna mtu aliyepikwa akaiva kabla ya kupewa wizara ya kilimo, ni huyu. Na bado, tazama alichoweza na alichoshindwa.

WAKILI ALIYEJIFUNZA KILIMO KUPITIA MADENI

Vilsack hakuzaliwa shambani. Alizaliwa mwaka 1950 mjini Pittsburgh, akaanza maisha kwenye kituo cha watoto yatima, akachukuliwa na familia iliyomlea. Alisoma sheria, akamaliza 1975. Mke wake alitoka Mount Pleasant, mji mdogo ulioko kusini mashariki mwa jimbo la Iowa, wakahamia huko, naye akaingia kufanya kazi kwenye ofisi ya uwakili ya baba mkwe wake.

Iowa ni mahindi, soya na nguruwe. Ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa mahindi na nguruwe. Wakili wa mji mdogo kama ule, mteja wake ni mkulima, na kesi yake ni ardhi, mirathi na mkopo. Na Vilsack aliingia kwenye kazi hiyo muda mfupi tu kabla mambo hayajaharibika.

Sikiliza hii hadithi vizuri wewe unayefikiria kuchukua mkopo mkubwa msimu ujao. Miaka ya 1970 bei za nafaka zilipanda sana. Muungano wa Kisovieti ulinunua ngano na mahindi mengi ya Marekani kuanzia 1972, na serikali ikawahimiza wakulima walime kila kipande cha ardhi walichonacho. Ardhi ikapanda bei, benki zikakopesha kwa furaha, dhamana ikiwa ni ardhi hiyo hiyo iliyopanda bei. Mkulima kijana akaambiwa kwamba asiponunua sasa hatanunua tena.

Halafu mwisho wa muongo Benki Kuu ya Marekani ikaamua kuua mfumuko wa bei kwa kupandisha riba. Riba zikakaribia asilimia 20. Mwaka 1980 serikali ikazuia kuuza nafaka kwa Wasovieti kwa sababu ya vita ya Afghanistan. Bei za mazao zikashuka na soko la nje likapungua. Kwa wastani ekari moja ya shamba Iowa ilikuwa na thamani ya dola 2,147 mwaka 1981. Mwaka 1986 ilikuwa dola 787.

Piga hesabu. Kijana aliyenunua ekari 100 mwaka 1981 alilipa kama dola 214,700. Miaka mitano baadaye shamba hilo hilo, udongo ule ule, lilikuwa na thamani ya dola 78,700, na deni halikupungua hata senti kwa sababu bei ya ardhi imeshuka. Benki zilianza kupiga mnada. Baadhi ya benki zenyewe zikafa. Kulikuwa na watu waliojiua.

Vilsack aliwakuta wakulima hao ofisini kwake. Kazi yake ilikuwa kukaa nao, kusoma mikataba yao na kusimama nao mbele ya benki. Kwa hiyo alipokuja kuwa mwanasiasa alikuwa anaijua taarifa ya deni la mkulima ukurasa kwa ukurasa. Wanasiasa wengi huanza kuijua siku wakishapewa wizara.

MEYA KWA SABABU YA MTARO

Aliingiaje kwenye siasa? Tarehe 10 Desemba 1986, mkazi mmoja wa Mount Pleasant aliingia kwenye kikao cha baraza la mji akampiga risasi meya, Edd King, akafa. Madiwani wawili walijeruhiwa. Mtu huyo alikuwa na malalamiko kuhusu maji machafu ya mfereji yaliyorudi ndani ya nyumba yake.

Mji ulishtuka. Nani angetaka kugombea kiti kile baada ya hapo? Vilsack akaombwa, akagombea, mwaka 1987 akawa meya. Hakuwa na ajenda kubwa ya taifa. Alikuwa na mji wenye majonzi, bajeti ndogo, na mitaro inayohitaji kutengenezwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi huwa tunadharau ngazi za chini. Diwani kwetu tunamwona mtu wa kusaini barua na kuhudhuria misiba. Lakini kule, kama ilivyo huku, mambo yanayoumiza watu kila siku yako kwenye ngazi hiyo: maji, barabara ya kutoa mazao, ushuru, soko. Ndiko mwanasiasa anakojifunza au anakoshindwa.

MIAKA SITA KWENYE BUNGE LA JIMBO

Mwaka 1992 Vilsack alishinda kiti cha Seneti ya jimbo la Iowa. Hapa nifafanue kidogo. Jimbo la Marekani si jimbo la uchaguzi kama tunavyosema sisi. Ni kama nchi ndogo ndani ya nchi, lina gavana wake, mahakama zake, kodi zake na Bunge lake. Bunge la Iowa lina Seneti ya watu 50 na Baraza la Wawakilishi la watu 100. Vikao vyake huanza Januari na mara nyingi huisha wakati wa kupanda mahindi. Baada ya hapo wabunge wanarudi nyumbani: mkulima kwenye trekta lake, mwalimu darasani, wakili ofisini.

Yaani ni ubunge wa muda. Na ubunge wa muda una faida moja kubwa, mbunge anaishi na matokeo ya sheria aliyoipitisha. Ukipandisha kodi ya ardhi mwezi wa tatu, mwezi wa tano unakutana na jirani yako kwenye duka la pembejeo.

Katika miaka ile Vilsack alifanya kazi kwenye mambo ambayo hayatoki kwenye magazeti ya mbele. Alishughulikia gharama za matibabu ya afya ya akili ambazo zilikuwa zinazielemea wilaya, akataka jimbo lichangie zaidi. Pia alishughulikia sheria ya kuzibana kampuni zinazopewa msamaha wa kodi na jimbo, kwamba ukipewa unafuu huo basi utoe ajira zenye mshahara na mafao ya maana. Angalia hilo la pili. Wazo lake ni kwamba hela ya umma ikienda kwa kampuni, kampuni inadaiwa kitu. Miaka mingi baadaye, akiwa waziri, wazo hilo hilo lilimrudia likiwa na uzito mwingine kabisa.

Mwaka 1998 aligombea ugavana. Hakupewa nafasi kubwa, kura za maoni zilimweka nyuma ya mpinzani wake. Akashinda, akawa gavana wa kwanza kutoka chama cha Democratic pale Iowa baada ya miaka 30. Akakaa vipindi viwili, 1999 mpaka 2007. Akajaribu urais, hela ikakata mapema, akajitoa Februari 2007 na kumuunga mkono Hillary Clinton. Clinton akashindwa na Obama. Ungedhani hapo safari imeisha. Lakini Obama alipounda serikali yake alimchagua huyo huyo aliyekuwa upande wa mpinzani wake. Januari 2009 Seneti ilimpitisha bila kupingwa.

Kumbuka pia kwamba waziri wa Marekani si mbunge. Rais anateua, Seneti inathibitisha, basi. Hana wapiga kura wake mwenyewe. Anamtegemea rais, na hela yake yote iko mikononi mwa Bunge. Shika hilo, maana ndiko tunakoenda.

WIZARA NI KUBWA KULIKO WAZIRI

Sasa tufike kwenye kiini. Nachukua mambo matatu tu ya uwaziri wake.

La kwanza ni kuku. Vijana wengi mnaonisoma mnafuga broila, na mikataba ya ufugaji inazidi kuja huku kwetu, kwa hiyo fuatilia. Marekani kuku wengi wa nyama wanafugwa kwa mkataba. Kampuni inaleta vifaranga, chakula na dawa, halafu inawachukua kuku wakikomaa. Mfugaji anatoa banda, umeme, maji, nguvu zake, na deni la benki lililojenga banda. Malipo yanapangwa kwa mashindano: kampuni inawapanga wafugaji wote waliotoa kuku kipindi hicho, kuanzia aliyezalisha kwa gharama ndogo kwa kilo mpaka wa mwisho. Wa juu anaongezwa, wa chini anakatwa. Sasa fikiria vifaranga vya wewe vimekuja dhaifu, au chakula kimechelewa. Vyote umeletewa na kampuni, lakini anayekatwa ni wewe.

Mwaka 2010 wizara ya Vilsack pamoja na Wizara ya Sheria zilizunguka nchi kufanya mikutano ya wazi kuhusu nguvu za kampuni kubwa kwenye kilimo. Mkutano wa kwanza ulifanyika Ankeny, Iowa, jimboni kwake. Wakulima walikuja kusema. Mwaka huo huo wizara ikatoa rasimu ya kanuni za kumlinda mfugaji. Watu wakafurahi.

Halafu kampuni za nyama zikaenda Bungeni. Bunge likaweka kifungu kwenye sheria ya bajeti kuizuia wizara kutumia hela kukamilisha sehemu kubwa ya kanuni hizo, na kikarudiwa miaka iliyofuata. Mwisho wa 2011 sehemu chache tu zikapita. Desemba 2016, mwezi mmoja kabla ya kutoka, Vilsack akajaribu tena. Mwaka 2017 serikali mpya ikaitupa ile kanuni kuu. Akarudi wizarani 2021, akaanza upya, na Novemba 2023 ndipo ikapita kanuni inayolazimisha kampuni kumpa mfugaji taarifa za kweli za malipo kabla hajasaini na wakati wa mashindano.

Kutoka 2010 mpaka 2023 ni miaka 13. Kwa kanuni ya kupewa taarifa tu! Mfugaji aliyesimama kutoa ushuhuda 2010 akiwa na mkopo wa banda wa miaka 15, amekaribia kuumaliza kabla kinga haijafika. Na wote hao walikuwa na waziri anayewaelewa.

La pili ni habari ya afisa mmoja, na kwangu mimi kama afisa inauma. Julai 2010 ilisambaa video fupi ya Shirley Sherrod, mkurugenzi wa maendeleo vijijini wa wizara hiyo katika jimbo la Georgia, mwanamke Mweusi. Kipande kile kilimwonyesha kama anasema alisita kumsaidia mkulima Mzungu kwa sababu ya rangi yake. Ndani ya siku ile wizara ilimlazimisha ajiuzulu. Kesho yake video nzima ikaonekana: alikuwa anasimulia tukio la zamani, la wakati wa ile shida ya miaka ya 1980, jinsi alivyojifunza kwamba tatizo ni umaskini, na jinsi alivyoihangaikia familia ile mpaka shamba lao likaokoka. Familia yenyewe ikajitokeza kumtetea.

Vilsack aliomba radhi hadharani na kumpa kazi nyingine. Sherrod alikataa. Namheshimu waziri kwa kusema wazi kwamba kosa ni lake. Lakini jiulize: mtu aliyekaa miaka na wakulima wenye madeni, wakili anayejua kwamba mtu hahukumiwi bila kusikilizwa, ilikuwaje akamfukuza afisa wa wakulima kwa kipande cha video? Jibu langu ni kwamba kiti kile kina presha yake. Ukiwa Washington unasikia kelele za Washington. Mkulima wa Georgia hasikiki mpaka apige simu kwenye televisheni.

La tatu ni haki za wakulima Weusi. Kwa miongo mingi wizara hiyo iliwabagua kwenye mikopo, na yenyewe ilikubali kulipa mahakamani. Mwaka 2010 Vilsack alisimamia makubaliano ya pili ya dola bilioni 1.25. Hilo ni jambo kubwa. Lakini alipoteuliwa tena mwishoni mwa 2020, baadhi ya viongozi wa watu Weusi walipinga, wakisema miaka minane ya kwanza haikutosha. Machi 2021 Bunge likapitisha sheria ya kufuta madeni ya wakulima wa makundi yaliyobaguliwa, kama dola bilioni 4. Barua zikaanza kutumwa. Wakulima Wazungu wakafungua kesi, Juni mahakama zikasimamisha malipo, na 2022 sheria hiyo ikafutwa na kuwekewa utaratibu mwingine. Mwaka 2024 ndipo zaidi ya watu 43,000 waliobaguliwa wakalipwa kama dola bilioni 2.

Mkulima mwenye barua mkononi Mei 2021 na mkulima mwenye hela benki Julai 2024 wanaweza kuwa mtu yule yule, lakini katikati kuna misimu mitatu ya kulipa deni. Tangazo si hela, vijana. Usichimbe kisima kwa tangazo.

HESABU YA MWISHO

Ukimweka Vilsack kwenye mizani kwa haki, si waziri mbaya. Ni wa pili kwa kukaa muda mrefu kwenye wizara ile katika historia. Anayemzidi ni James Wilson, aliyekaa kuanzia 1897 mpaka 1913, naye pia alipita kwenye Bunge la jimbo la Iowa. Alisimamia chakula cha shule kuwa bora, alipigania masoko ya nje, alisukuma nishati itokanayo na mahindi. Wakosoaji wake wanasema alikuwa karibu mno na kampuni kubwa, na wanataja kwamba alipotoka 2017 alikwenda kuongoza baraza la kuuza maziwa ya Marekani nje kabla ya kurudi serikalini. Wanaomtetea wanasema ndiyo maana alijua soko. Mimi nasema wote wana hoja.

Lakini sensa ya kilimo haina upande. Mwaka 2007, kabla hajaingia, Marekani ilikuwa na mashamba 2,204,792. Mwaka 2022 yalikuwa 1,900,487. Yamepotea zaidi ya 304,000 katika miaka 15, na yeye alikuwa waziri kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Wastani wa umri wa mkulima ulikuwa miaka 58.1. Mashamba hayakupotea kwa sababu waziri alilala. Yalipotea kwa sababu mwelekeo wa bei, ardhi na kampuni una nguvu kuliko mtu mmoja, hata akiwa na nia njema na ujuzi.

Yeye mwenyewe alilisema Desemba 2012, wakati sheria kuu ya kilimo imekwama Bungeni. Aliwaambia watu wa kilimo kwamba vijijini Marekani panazidi kupoteza uzito kisiasa, na kwamba wakulima wanatumia nguvu nyingi kupigana na vitu vidogo badala ya kujenga hoja inayovuta vijana na watu wa mjini. Walikasirika. Lakini zaidi ya nusu ya bajeti ya wizara ile inakwenda kwenye msaada wa chakula kwa familia zenye kipato kidogo, wengi wao wa mjini. Bila kura za wabunge wa mjini, sheria ya wakulima haipiti. Waziri alikuwa anawaambia ukweli wa hesabu: nyinyi ni wachache, tafuteni marafiki.

SASA SISI TUFANYE NINI

Somo langu si kwamba siasa haina maana. Ni kinyume chake. Tunaangalia siasa ya juu tu, wakati ya chini ndiyo tunayoweza kuifikia kwa bodaboda.

Kijana unayelima ekari kumi za alizeti au nyanya, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho ulihudhuria lini? Mipango ya halmashauri inaanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya Julai mwaka wa fedha unapoanza. Wewe unakuja kulalamika barabara ya mashambani mwezi wa nane. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vijana wakiwa na 4 katika hizo 10. Nani ameuliza kwenye kikao zimekwenda wapi, kwa vikundi gani, kwa mazao gani?

Najua jibu: "Afisa, mimi nafanya kilimo biashara, muda wa vikao sina." Nakuelewa. Nyanya hazisubiri kikao kiishe. Lakini angalia ile hadithi ya kuku. Wafugaji walikuja kwenye mikutano ya 2010, wakasema, wakarudi kuangalia mabanda yao. Kampuni zilibaki. Zina watu wanaolipwa kukaa kule kila siku. Aliyebaki ndiye aliyeandika kifungu cha bajeti.

Hatuwezi wote kubaki. Basi tugawane. Kikundi cha watu 12 kinaweza kumchagua mmoja ambaye kazi yake msimu huu ni vikao tu, wengine wakamlimia robo ekari yake kumfidia. Anakwenda kwenye mkutano wa kijiji, anakwenda kwa diwani, anakuja na maelezo yaliyoandikwa. Msimu ujao zamu ya mwingine. Huo ni utaratibu wa kawaida kabisa, tumezoea kupokezana kupalilia, tushindwe kupokezana vikao?

Na mtu akija kuomba kura, awe wa chama chochote, usimuulize ataleta nini. Muulize alifanya nini alipokuwa na cheo kidogo. Vilsack ukitaka kumjua usianzie Washington. Anzia kwenye mafaili ya madeni, kwenye mitaro ya Mount Pleasant, kwenye ile sheria ya kuzidai kampuni zilizopewa unafuu. Pale ndipo unaona mazuri yake yalikotoka. Muulize na mgombea wako: alipokuwa kiongozi wa ushirika, hesabu zilisomwa? Alipokuwa mwenyekiti wa kijiji, mikutano ilifanyika? Kama hakusoma hesabu za watu mia, hatasoma za watu milioni.

Mwisho, ukiletewa mkataba wa kilimo au ufugaji, uliza swali ambalo wafugaji wa Marekani walisubiri miaka 13 lilazimishwe kisheria: malipo yanapigwaje, na nani anabeba hasara kama pembejeo mlizoleta ni mbovu? Ombi hilo halihitaji waziri. Linahitaji kusoma kabla ya kusaini, na kuwa na wenzako kumi wanaouliza hivyo hivyo.

Waziri akiwa mzuri tutamshukuru. Lakini mvua nzuri haimsaidii ambaye hakupanda.

Kama kikundi chenu kina mtu wa vikao tayari, niandikie hapo chini mnafanyaje, wengine wajifunze. Wiki ijayo tunarudi kwenye kantangaze. Kazi njema.